Madume Ishirini na Wawili

Mumewe alikuwa akisema kwamba mke wake angeweza kukidai kitambulisho hata kivuli chake mwenyewe. Alilisema hilo kwa mzaha, misumari ikiwa imebanwa midomoni, maana alikuwa fundi wa makochi na hakujua kuzungumza pasipo misumari. Lakini hakukosea sana. Mama Sahani alikuwa mtu wa kushuku. Akitoka nyumbani alitikisa kitasa mara tatu. Akinunua unga aliunusa mbele ya muuzaji, akimtazama usoni. Binti yao akiaga kwamba anakwenda kusoma kwa rafiki yake, aliulizwa somo gani na sura ya ngapi, na jioni aliulizwa maswali ya sura hiyohiyo na mama ambaye kitabu chenyewe hajawahi kukifungua.

Kazini, tabia hiyohiyo ndiyo iliyomfanya awe wa kutegemewa. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika maabara ile ya minyoo, ghorofa ya pili ya jengo lenye ngazi nyembamba na madirisha yasiyofunguka. Jina alilipata kwa sahani ndogo za plastiki zenye vifuniko, ambazo kila Jumatatu asubuhi alizimiminia jeli ya moto, mia nne kwa mkupuo, akizipanga mezani kama mtu anayeandika mistari iliyonyooka. Alianza kama mwosha chupa. Hakuna aliyemfundisha zaidi ya hapo. Alijifunza kwa kusimama nyuma ya mabega ya watu akijifanya anafuta meza. Siku moja mtafiti mmoja aliugua, minyoo wake wakakaribia kufa njaa, na mwosha chupa akachukua waya, akawahamisha wote kwenye sahani mpya bila kumpoteza hata mmoja. Tangu siku hiyo waya haukutoka mkononi mwake.

Minyoo wenyewe ni wale wa mviringo wanaoishi udongoni, wasiomdhuru mtu. Urefu wao haufiki unene wa sarafu, nao ni waangavu kama kioo, hata mayai yanahesabika yakiwa bado tumboni. Karibu wote ni huntha, mama na baba katika mwili mmoja. Mnyoo mmoja ukimwacha peke yake kwenye sahani, baada ya siku chache utakuta amejaza ukoo.

Mama Sahani hakuwa na shahada yoyote, lakini ndani ya mnyoo alikujua kama anavyojua kabati lake la nguo. Kila mnyoo ana jozi sita za kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi wake. Yai linapotengenezwa, nyuzi za kila jozi hukutana, hulala bega kwa bega, hushikana, kisha huvutwa kila moja upande wake, ili yai libaki na moja tu kutoka kila jozi. Jozi moja kati ya hizo huitwa X. Mtoto akipata X mbili anakuwa huntha, akipata moja tu anakuwa dume. Sasa, mara mojamoja, zile X mbili hushindwa kuachana vizuri. Zinaondoka zote pamoja, yai linabaki bila hata moja, na mtoto wa yai hilo, akipata ile moja inayoletwa na mbegu, anazaliwa dume. Katika ukoo wenye afya, jambo hilo humpata mtoto mmoja au wawili katika elfu.

Alikwisha kuyaona hayo kwa macho yake. Ukiwapaka rangi ya buluu na kuwatazama kwa darubini kubwa, katika yai lililokomaa utaona vidoti sita, kila jozi kidoti chake, vikisubiri kuvutwa. Alipomsimulia mumewe, mume aliitoa misumari kinywani, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kumbe hata minyoo wanapeana talaka," akasema.

"Talaka ya haki. Kila mmoja anaondoka na fungu lake."

"Na mmoja akibeba vya wote?"

"Hapo ndipo anapozaliwa dume."

Mume aliirudisha misumari mdomoni. Alisema, kwa taabu, kwamba hakupenda hadithi ile ilikoelekea.

Aliyeiweka maabara nzima katika hekaheka ya X alikuwa kijana aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa. Walimwita Mwendokasi. Ngazi alizipanda mbilimbili, chai aliinywa akiwa amesimama, na sentensi zako alizimalizia yeye. Utafiti wake ulihusu ukoo wenye kasoro, ambao X zake hushindwa kuachana mara kwa mara, hata karibu theluthi ya watoto huzaliwa madume. Ili kasoro hiyo iwe na maana, ilimbidi ailinganishe na ukoo wenye afya. Koo zote mbili zilikuwa mikononi mwa Mama Sahani, na sheria ilikuwa moja: ukitoka sahani moja kwenda nyingine, uchome ncha ya waya kwenye taa ya spiriti mpaka iwe nyekundu, yai lolote lililonasa life. Mama Sahani alichoma hata alipokuwa na uhakika kwamba hakuna kilichonasa. Aliushuku waya pia.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Miezi mitatu nyuma aliona kwamba sahani zake za minyoo mama zinapungua. Ijumaa aliacha kumi na mbili, Jumatatu akakuta kumi. Aliuliza kwa upole, kila mtu akatazama dari. Basi akachukua zile sahani za minyoo mama wa ukoo wenye afya, ambao vizazi vyote vya kazi vilitoka kwao, akaziweka ndani ya kabati la joto, rafu ya juu kabisa, nyuma kabisa, na mbele yake akasukuma katoni kubwa ya glavu. Kila Jumatatu alimpa Mwendokasi minyoo kutoka hapo, akiwa amempa mgongo ili asione alikowatoa. Wizi ukakoma. Ni kweli kwamba tangu hapo mama wale walikuwa wanataga kidogo kuliko zamani, lakini aliyeshukiwa kwa hilo alikuwa muuza unga wa jeli, na Mama Sahani alikwisha kumwandikia barua mbili kali.

Jumatano moja Mwendokasi alikaa kwenye darubini, akanyamaza. Kunyamaza kwake tu kulitosha kuwafanya watu wageuke. Alihesabu mara ya pili, akaenda kumwita Profesa.

Profesa alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, ambaye kabla ya habari mbaya alikunja miwani yake. Aliikunja. Katika watoto mia sita wa ukoo wenye afya kulikuwa na madume ishirini na wawili, wembamba, mikia yao imechanua kama vipepeo vya kupepea moto. Pangekuwa na mmoja, pengine.

"Mama," akasema Profesa, "waya unauchoma kila mara?"

"Kila mara."

"Hakuna siku uliyochoka?"

Swali lile ndilo lililomchoma. Lingekuwa tusi angeweza kulijibu. Profesa akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba maelezo mepesi ni kwamba yai la ukoo wenye kasoro lilibebwa na waya likaingia kwa wenye afya, na mwenye kuushika waya kwenye sahani za mama ni mtu mmoja. Kama ni hivyo, hesabu zote za Mwendokasi za miezi mitatu hazina kazi, na mtu asiyechoma waya hawezi kukabidhiwa koo. Alimpa wiki moja atoe maelezo. Yasipopatikana, mwezi ujao angerudi chumba cha kuoshea chupa.

Ndivyo mambo yalivyo katika majengo kama yale. Kikitokea kizuri, kinapanda ngazi mpaka kwenye mlango wenye jina la dhahabu. Kikitokea kibaya, kinashuka bila kupumzika, kinawapita wenye shahada mmoja mmoja, mpaka kimkute aliyevaa aproni. Hakuna aliyeuliza waya wa Mwendokasi ulikuwa unachomwa na nani.

Mama Sahani aliuliza, ila kimoyomoyo. Tangu Jumatano ile alianza kumchunguza kijana yule kama anavyochunguza noti iliyoungwa kwa gundi. Kwa nini alifunga daftari yeye alipopita? Kwa nini asubuhi ya Alhamisi alimletea kiti, yeye ambaye katika miaka miwili hakuwahi kumletea hata salamu iliyokamilika? Mtu hakuletei kiti bure. Labda namba zake zilikuwa mbaya tangu mwanzo, na sasa ametafuta mtu wa kumtwisha. Nyumbani alimweleza mumewe yote. Mumewe alisema huenda kiti kilikuwa kiti tu, akaambiwa yeye ni fundi wa viti, hawezi kuwa shahidi.

Ijumaa alipanda ofisini kwa Profesa na pendekezo. Achukue minyoo wachanga kutoka sahani ya mama, wale wanaokaribia utu uzima, ambao ubavuni wana alama nyeupe kama mwezi mchanga na hawajakutana na dume yeyote. Kila mmoja awe peke yake kwenye sahani yake, azae bila mwenza. Kama kasoro imeingia kwenye ukoo, itajitokeza katika watoto, madume watakuwa tele. Kama haikuingia, watakuwa mmoja au wawili katika elfu.

Mwendokasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema hilo ndilo jaribio ambalo yeye mwenyewe alikusudia kulifanya. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyekuta jirani anajua lugha ya kwao. Profesa alikubali. Mama Sahani alitangulia kushuka, akaitoa sahani ya mama mafichoni kabla hawajafika, na mbele ya macho yao akachagua minyoo kumi, akachoma waya mara kumi, akazipanga sahani kumi rafu ya katikati ya kabati la joto. Profesa akazifunga kwa utepe, akatia saini juu ya utepe.

Saini ya Profesa haikumtosha. Wenzake walipokwenda kula, alichagua wengine kumi, ndugu wa tumbo moja na wale wa kwanza, akawapa sahani zao. Akazifunga kwa uzi wa kushonea, fundo la aina yake, ambalo hata mumewe hulifungua kwa mkasi. Akazificha kule juu, nyuma ya katoni ya glavu. Mtu akizichafua zile za mbele, hizi za nyuma zingemsemea.

Wiki ile ilikwenda polepole. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na kila Mwendokasi alipoufungua mlango wa kabati la joto, yeye alikumbuka kitu cha kufanya karibu na hapo. Mara moja kijana alimuuliza kama anamlinda. Mama Sahani akajibu kwamba analinda kabati, yeye yumo tu njiani.

Siku ya kuhesabu ilifika. Profesa alihesabu sahani tano, Mwendokasi tano, wakabadilishana, wakahesabu upya. Watoto elfu mbili mia nne thelathini na mmoja. Madume watatu.

Profesa alivua miwani, safari hii bila kuikunja. Alisema mbele ya maabara nzima kwamba alimkosea mama, na kwamba ukoo ni safi. Kisha akamgeukia Mwendokasi. Kama ukoo wa mama ni safi, madume wameingilia mezani kwake. Amletee madaftari yote, ya tangu mwaka jana, na asiguse mnyoo mpaka yasomwe ukurasa kwa ukurasa. Kijana alikwenda kuyakusanya. Kwa mara ya kwanza walimwona anatembea.

Mama Sahani alionja utamu. Hakuukana. Alijua tangu mwanzo, si alijua? Akaingia kwenye kabati la joto kuzitoa zile sahani zake za akiba, si kwa haja tena, bali kwa raha, kama mtu anayerudia kuisoma barua nzuri. Mafundo yalikuwa yake, hayakuguswa. Aliketi kwenye darubini, akahesabu.

Watoto walikuwa wachache, mia nane na kumi na wawili tu kwa mama wote kumi. Madume walikuwa ishirini na tisa.

Alihesabu tena. Aliukagua uzi, sahani baada ya sahani, akitafuta fundo la mtu mwingine. Halikuwepo. Ndugu wa tumbo moja, jeli moja, waya mmoja, mkono mmoja. Kilichotofautiana ni mahali.

Akarudi kwenye kabati, akapitisha mkono nyuma ya katoni ya glavu. Hewa ya kule ilikuwa kama pumzi ya mtu. Katoni ilikuwa imeziba mdomo wa feni, na joto la kipasha lililotakiwa kusambazwa lilikuwa limekwama pale pembeni, juu ya sahani za mama. Aliingiza kipimajoto, akasubiri dakika kumi. Mlangoni kabati liliandika digrii ishirini, kama siku zote. Kipimajoto kilisema ishirini na saba.

Hakuhitaji kuelezwa. Katika joto kama lile X huchanganyikiwa, zinashindwa kuachana kwa utaratibu. Dume anazaliwa hapa na pale. Na dume akishapatikana hakai bure. Anapanda, na nusu ya watoto anaowapata ni madume wenzake. Miezi mitatu alikuwa akimpa Mwendokasi, kwa mgongo, minyoo waliokwishaharibiwa na maficho yake. Wale kumi wa Profesa waliokolewa na rafu ya katikati.

Hakuna aliyekuwa amemwona. Sufuria ya maji ya moto ya kuulia minyoo ilikuwa inachemka hatua tano kutoka pale. Angeitoa katoni, angezitumbukiza sahani, na ingekuwa imekwisha. Yeye ameshasafishwa mbele ya watu. Mwendokasi angeulizwa kama kuna siku alichoka, na asingekuwa na jibu, kwa sababu jibu halikuwa kwake. Mama Sahani alijua swali lile linavyokaa kifuani. Alilibeba wiki nzima.

Akapanga sahani kwenye trei, akaweka kipimajoto katikati, akapanda ngazi.

Ofisini madaftari yalikuwa yamejaa mezani, Mwendokasi ameketi mbele yake kama mgonjwa. Mama Sahani aliishusha trei juu ya madaftari.

"Madume ni wangu," akasema.

Akaeleza yote, katoni, feni, joto, uzi, bila kuruka kitu. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza sahani za mama zilikuwa zinafanya nini nyuma ya glavu.

"Nilikuwa nimezificha."

"Unamficha nani?"

Mama Sahani alimtazama Mwendokasi, na kijana akatazama dari, kama siku ile sahani zilipopungua.

"Ni mimi, mama," akasema hatimaye. "Nilikuwa nachukua. Kila Ijumaa, mbilimbili. Ninazomimina mwenyewe zinatoka na majimaji, minyoo wanazama. Zako hazina hata tone."

"Ungeomba."

"Ungenipa?"

Mama Sahani alilifikiria swali kwa haki, kwa kuwa liliulizwa kwa haki.

"Nisingekupa."

Profesa alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Kisha akawa mkali kwa wote wawili. Miezi mitatu ya hesabu ilikuwa imekwenda na maji, na hakuna wa kuirudisha. Wangeanza upya kutoka kwenye vichupa vya ukoo wenye afya vilivyogandishwa kwenye jokofu la baridi kali, maana minyoo hawa hulala humo miaka na wakiyeyushwa huamka, wengi wao. Mwendokasi angejifunza kumimina jeli, Jumatatu asubuhi, kwa mama. Na mama angebaki na waya wake, kwa sababu mtu anayeleta kosa lake mwenyewe ofisini, likiwa na kipimajoto, hapelekwi kuosha chupa.

Alivuta daftari kuu la maabara ili aandike.

"Kosa nitaliandika kwa jina lako," akasema. "Na jaribio la sahani ishirini nitaliandika kwa jina lako vilevile, kwa sababu ndilo lililotuonyesha joto. Wengine watakuja kulisoma."

Kalamu ikagusa karatasi, ikasimama. Profesa akainua uso, na Mwendokasi, aliyeelewa kwanza, akainamisha wake.

Baada ya miaka kumi na tisa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa analijua jina lake. Mama Sahani alilitaja, la kwake na la baba yake, taratibu, mpaka Profesa alipomaliza kuandika. Halafu akaomba asome. Alisoma mstari wote mara mbili, akiufuata kwa kidole, kuhakikisha kwamba jaribio halikuachwa na kosa likabaki peke yake. Halikuachwa.

"Haya, twende kwenye jokofu," akamwambia Mwendokasi. "Tangulia wewe, niione mikono yako."